Mwongozo Kamili: Kukwangua Lami Bila Kuiumiza Barabara Inayobaki

Maswali yanayokuja kuhusu kukwangua lami yanafanana mno. Barabara imekwanguliwa, lami mpya imemwagwa na kushindiliwa, kisha mvua za kwanza zikipita tu inaanza kubanduka kama gamba. Au ngoma, yaani silinda yenye meno inayokata lami chini ya mashine, imezama mpaka kwenye mawe ya msingi, na sasa kuna shimo refu ambalo halikuwemo kwenye makadirio. Au uso umebaki na mabonde na matuta, na lami mpya imeyafuata yote.

Karibu mara zote chanzo ni kimoja: watu wanaitazama lami inayotoka na kuisahau inayobaki. Inayotoka inapanda tipa na kuondoka. Inayobaki ndiyo itakayobeba malori ambayo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayaruhusu kufika tani 56. Kila hatua hapa chini ina lengo la kuilinda hiyo.

Mwongozo huu ni wa kukwangua kwa mashine kubwa ya ngoma, hasa kwenye barabara iliyochimbika kwa nyayo za magurudumu, ile hali unayoikuta kwenye miinuko ambako malori hutambaa kwa gia ndogo, kwenye vituo vya mizani na kwenye mizunguko ya mijini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine ya kutobolea sampuli, yenye kipenyo cha milimita 100 au 150, pamoja na lami ya kuzibia matundu.
- Ramani au taarifa za mabomba, nyaya na chemba kutoka mamlaka ya maji, shirika la umeme na kampuni za simu.
- Meno mapya ya ngoma ya kutosha kubadili seti nzima. Meno mawili matatu ya akiba hayatoshi.
- Boza la maji lenye pampu inayofanya kazi.
- Ubao mnyoofu wa mita 3 na kabari ya kupimia uwazi.
- Tepu, chaki na rangi ya kupuliza.
- Fagio la mashine na kompresa ya upepo.
- Drili ya upepo kwa sehemu ambazo ngoma haifiki.
- Alama za barabarani, koni, taa za usiku na watu wa bendera.
- Barakoa za kuzuia vumbi laini, miwani na vizibo vya masikio.

Kuhusu barakoa: kokoto nyingi zina silika, madini yanayopatikana pia kwenye mchanga, na vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu.

## Hatua ya 1: Jua kilichoko chini

Usiamini michoro ya zamani peke yake. Barabara zetu nyingi zimeongezwa matabaka kwa vipindi. Mchoro unaweza kuonyesha lami ya milimita 50 juu ya mawe yaliyosagwa, kumbe katikati pameshawekwa tabaka jingine, au lami ya kunyunyizia na kokoto imefunikwa humo.

Toboa sampuli angalau kila mita 100, na ongeza pale uso unapobadilika: penye viraka, karibu na daraja, mahali maji yanaposimama. Badilisha nafasi, mara kwenye wayo wa gurudumu la kushoto, mara la kulia, mara katikati ya njia.

Penye bonde la magurudumu, toboa sampuli tatu kwenye mstari mmoja unaokata barabara: moja ndani ya bonde, moja kwenye tuta la pembeni, moja katikati. Zipange chini, pima unene wa kila tabaka na uandike. Hapo utapata jibu la maana sana.

Ikiwa lami ni nyembamba ndani ya bonde na nene kwenye tuta, basi lami yenyewe imesukumwa pembeni na kukwangua kutasaidia. Ikiwa unene ni uleule kila mahali lakini barabara imezama, tatizo liko kwenye msingi au kwenye udongo. Kukwangua hapo ni kutupa fedha, maana bonde litarudi. Simamisha kazi umwite injinia.

Tazama pia maungio ya matabaka. Sampuli ikitoka tunduni na kugawanyika yenyewe pale tabaka la juu linapokutana na la chini, ujue hayo mawili hayajashikana tena. Weka alama kubwa mahali hapo kwenye karatasi yako.

Tahadhari: ziba kila tundu siku hiyohiyo na ulishindilie kwa matabaka. Tundu lililoachwa wazi linaingiza maji moja kwa moja kwenye msingi.

Umefaulu ikiwa: una jedwali linaloonyesha unene wa kila tabaka, mita kwa mita, na hali ya maungio yake.

## Hatua ya 2: Amua kina kwa kuangalia kitakachobaki

Hapa ndipo barabara nyingi huharibiwa, tena ofisini.

Chukua mfano huu. Sampuli zinaonyesha lami ya juu milimita 50, chini yake lami nyingine milimita 60, kisha mawe yaliyosagwa. Mkataba unasema ukwangue milimita 40. Ukifuata hivyo unaacha ngozi ya milimita 10 tu juu ya ungio. Ngozi hiyo imeshikiliwa na gundi ya miaka mingi, na ngoma imepita juu yake ikiitikisa. Itabanduka. Ikibanduka chini ya fagio una bahati, maana utaiona. Ikisubiri mpaka ifunikwe, itabanduka pamoja na lami yako mpya.

Una njia mbili salama. Ya kwanza, ondoa tabaka lote la juu na uingie kidogo kwenye la chini, yaani milimita 55 kwenye mfano huu, ili ungio la zamani lifutike kabisa. Ya pili, ikiwa uharibifu ni wa juujuu, kwangua kidogo ili ngozi inayobaki isipungue milimita 25 au 30 na iwe bado imeshikana vizuri.

Kila njia ina gharama. Kutoka milimita 40 hadi 55 kwenye njia yenye upana wa mita 3.5 ni mita za ujazo 52.5 za lami ya ziada kwa kila kilomita. Lijadili hilo na msimamizi kabla mashine haijashuka kwenye trela, na upate maelekezo kwa maandishi. Opereta asiachiwe kuamua jambo hili barabarani.

Kuna na upande wa chini. Ikiwa lami yote ina milimita 50 tu na chini yake ni mawe au udongo uliochanganywa na saruji, usiagize kina cha milimita 50. Unene hautakuwa sawa kila mahali, na ngoma itaufukua msingi kila lami inapopungua. Msingi uliotifuliwa hivyo huwezi kuurudisha kwa kuusawazisha na koleo. Utahitaji kushindiliwa upya na kupimwa.

## Hatua ya 3: Tafuta vilivyofichika

Tembea sehemu yote kwa miguu. Piga rangi kuzunguka kila chemba, kila kifuniko cha valvu, kila waya wa kuhisi magari karibu na taa za barabarani. Chemba zilizofunikwa na lami ya zamani ndizo hatari zaidi. Zitafute kwa ramani na kwa kifaa cha kutambua chuma.

Kuna njia mbili. Unaweza kushusha fremu ya chemba mapema, ukaifunika kwa bamba la chuma chini ya kina cha kukwangua, kisha ukairudisha baadaye. Au unainua ngoma kabla ya kuifikia, unaishusha ukishaivuka, na kile kipande kinachobaki unakitoa kwa mashine ndogo au drili ya upepo.

Darajani kuna sheria zake. Unene wa lami hubadilika, chini yake panaweza kuwa na tabaka la kuzuia maji, na mashine kubwa ya kukwangua huweza kukaribia tani 30. Pata kibali cha injinia wa madaraja, na usiguse viungo vya kupanukia kwa ngoma. Jino likifika kwenye zege limefika karibu na nondo.

## Hatua ya 4: Kagua ngoma, jino kwa jino

Zima injini, toa ufunguo, weka kizuizi cha ngoma. Ndipo ufungue mlango wa nyuma.

Shika kila jino kwa glavu ulizungushe. Jino zima huzunguka ndani ya kishikio chake, na ndivyo linavyochakaa sawasawa pande zote. Likiwa limekwama kwa lami au vumbi, ncha yake ngumu inalika upande mmoja na kuwa kama patasi. Jino la namna hiyo halikati. Linapasua. Linaipiga lami inayobaki na kuilegeza, wakati juu huoni kitu.

Usichanganye meno mapya na yaliyochakaa sana. Jino jipya moja kati ya mafupi litachora mfereji wake peke yake urefu wote wa barabara. Jino lililokatika nalo linaacha tuta. Ukibadili, badili eneo zima la ngoma.

Angalia pia umbali kati ya meno. Ngoma ya kawaida huwa na milimita 15 kati ya mstari na mstari wa kukata. Kwa tabaka jipya jembamba, au ikiwa magari yatapita juu ya uso uliokwanguliwa, tafuta ngoma ya kukwangua laini yenye milimita 8 hivi. Ni ghali zaidi kuitumia, lakini mifereji inayobaki haina kina kirefu na lami ya chini hupigwa kidogo.

Maliza na vinyunyizio vya maji. Fungua maji na uhesabu vinavyotoa. Kilichoziba kioshwe sasa hivi.

Umefaulu ikiwa: kila jino linazunguka kwa mkono, urefu unakaribiana, na kila kinyunyizio kinatoa maji.

## Hatua ya 5: Weka vihisio mahali panapostahili kuigwa

Kihisio cha kina, kifaa kinachoiongoza ngoma ishuke kiasi gani, hunakili kile kinachokigusa. Kikitembea juu ya bonde la magurudumu, uso mpya utakuwa na bonde lilelile, kina kikiwa sahihi kabisa kwenye skrini. Kiweke juu ya ukingo wa zege, au sehemu ya lami iliyonyooka, au tumia boriti ya kupata wastani wa urefu mrefu. Upande wa pili tumia kihisio cha mwinamo.

Ukikwangua mstari wa pili, kihisio kinaweza kufuata uso uliokwishakwanguliwa. Fagia njia yake kwanza. Kokoto moja chini ya bamba la pembeni inatosha kukuharibia kipimo.

Usiiamini skrini peke yake. Mtu mmoja atembee nyuma na tepu, apime kwenye ukuta wa mkato pande zote mbili kila mita 20, aandike.

## Hatua ya 6: Jaribio la mita 50 hadi 100

Anza na kipande kifupi. Kikwangue kwa kina na mwendo uliopanga, kifagie vizuri, kisha ukikague kwa macho na kwa mkono.

Weka ubao wa mita 3 kwa urefu wa barabara, kisha kwa upana, upime uwazi chini yake na uulinganishe na kiwango cha mkataba. Tafuta madoa laini, meusi, yasiyo na mistari ya meno. Hayo ni mahali ambapo tabaka limebanduka kwenye ungio badala ya kukatwa. Gonga pembeni yake kwa nyundo: panapolia kama pana uwazi ndani, matabaka yameachana. Ukiyaona mengi, rudi Hatua ya 2 ukabadili kina. Ni nafuu kurudi ukiwa na mita 100 kuliko ukiwa na kilomita 4.

## Hatua ya 7: Kukwangua kwenyewe

Kushusha ngoma. Ngoma izunguke kwanza, mashine ikiwa imesimama, kisha ishuke polepole mpaka kina kilichopangwa. Ndipo uanze kusonga. Ngoma ikidondoshwa kwa pupa inachimba shimo la mwanzo na kuvunja meno.

Mwendo. Fanya hesabu hii na opereta wako. Ngoma ikizunguka mara 100 kwa dakika na mashine ikienda mita 10 kwa dakika, kila mzunguko inasonga milimita 100. Ukienda mita 20 kwa dakika, inasonga milimita 200, na kila jino linalazimika kung'oa kipande kikubwa mara mbili. Hapo ndipo mapande yanapoanza kunyanyuka na tabaka la chini kutikisika. Kwa hiyo mwendo haupangwi kwa idadi ya tipa zinazosubiri. Unapangwa kwa uso unaouona nyuma ya mashine.

Bamba la mbele na la nyuma. Bamba linalokandamiza lami mbele ya ngoma lishuke vizuri, maana ndilo linalozuia mapande makubwa kunyanyuka kabla hayajasagwa. La nyuma ligandamize uso na likwangue mabaki. Likiwa limeliwa au limepinda, litaacha rundo la kifusi unalodhani ni uso.

Maji. Yanapoza meno na kutuliza vumbi. Yakiisha, simama. Lakini usimwage kupita kiasi: vumbi likigeuka tope linajaa kwenye mifereji, linakauka, na baadaye linazuia lami mpya isishike.

Kusimama. Mashine ikisimama huku ngoma inazunguka palepale, inachimba bonde. Tipa ikichelewa, inua ngoma kidogo au izime. Bora zaidi, panga tipa zako usisimame. Dereva wa tipa atembee sambamba na mkanda unaompakilia lami iliyokwanguliwa, bila kufunga breki ghafla.

Kina kirefu. Ukihitaji milimita 100 au zaidi, mipito miwili ni salama zaidi kuliko mmoja. Unatenganisha pia lami nzuri ya juu na ya chini, ikiwa itatumika tena.

### Soma mkanda

Msimamizi mzuri haangalii skrini tu. Anaangalia kinachopanda kwenye mkanda.

- *Vipande vidogo, vyeusi, vinavyofanana:* endelea.
- *Mapande bapa ya ukubwa wa sahani:* tabaka linabanduka. Punguza mwendo, angalia bamba la mbele na meno. Yakiendelea, kina chako kimekaa vibaya karibu na ungio.
- *Rangi inageuka kijivu au kahawia:* umeingia kwenye msingi. Inua ngoma papo hapo, weka alama, pima.
- *Mlio unabadilika kuwa mkali au cheche zinaonekana:* kuna chuma au zege. Simama.
- *Mashine inatikisika kuliko kawaida:* meno yamekwisha au yamekatika. Kagua kila unapojaza maji, usisubiri jioni.

## Hatua ya 8: Kingo na maungio

Piga mstari wa rangi na umfuate opereta kwa macho. Ungio la urefu lisikae chini ya nyayo za magurudumu, kwani litafunguka. Kila mpito upandane na uliotangulia kwa milimita 50 hadi 100, ili kusibaki uzi wa lami katikati. Uzi huo mwembamba ndio unaovunjika na kuacha vipande chini ya lami mpya.

Ukingo ubaki wima na mzima. Magari yakiukanyaga kabla haujaunganishwa utamomonyoka, kwa hiyo weka koni karibu. Ukiisha kumomonyoka, ukate upya kwa msumeno wa lami kabla ya kumwaga.

## Hatua ya 9: Fagia mpaka mkono utoke safi

Fagio la mashine lipite mara ya kwanza mara tu baada ya kukwangua, kabla tope halijakauka. Pita tena, kisha tumia kompresa kupuliza mifereji. Halafu paka kiganja juu ya uso. Kikitoka na vumbi la kijivu, bado.

Baada ya kufagia, toa kwa mkono au drili kila kigamba kilicholegea, hata kama kinaonekana kidogo. Endelea kukifuata mpaka ufike palipo pagumu. Wengi huona uvivu kwenye kazi hii, na mimi naiona kuwa ya thamani kuliko saa yoyote ya mashine.

## Hatua ya 10: Linda uso ulio wazi

Usikwangue zaidi ya unachoweza kufunika siku hiyo au kesho yake. Uso uliokwanguliwa ni karai refu: maji hayatoki, yanakaa na kupenya chini. Epuka miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ikibidi kufanya kazi vuli, kata njia za maji kuelekea bega la barabara kabla ya kuondoka jioni.

Tipa zilizojaa zisipite ovyo pale ambapo lami iliyobaki ni nyembamba au msingi umeonekana. Zipitishe upande ambao haujakwanguliwa.

Ukilazimika kuruhusu magari, weka mteremko wa lami kwenye kila mkato unaokatiza barabara, alama za kupunguza mwendo, na taa usiku. Wafikirie hasa bodaboda na baiskeli. Mifereji ya urefu inashika tairi jembamba, na ukuta wa milimita 50 pembeni unaangusha pikipiki inayojaribu kuupanda kwa ulalo.

## Hatua ya 11: Gundi, kisha lami

Kabla ya emalsheni, yaani lami iliyochanganywa na maji inayotumika kama gundi, uso uwe safi na mkavu. Uso wenye mifereji una eneo kubwa kuliko ulio laini, kwa hiyo unahitaji emalsheni zaidi kidogo. Fanya hesabu kwa lami inayobaki maji yakishakauka, siyo kwa kinachonyunyiziwa: emalsheni yenye lami asilimia 60, ikinyunyizwa nusu lita kwa mita ya mraba, inaacha lami ya lita 0.3 tu.

Ili kuhakiki, weka kipande cha zulia chenye eneo unalolijua njiani mwa mashine ya kunyunyizia na ukipime uzito kabla na baada. Paka kuta za mikato pia, kwa brashi, kwa sababu boriti ya kunyunyizia haizifikii.

Emalsheni ikiwa bado ya kahawia, subiri. Ikigeuka nyeusi na kunata, ruhusu tipa ya kwanza ya lami ya moto irudi nyuma taratibu kuelekea mashine ya kutandaza. Tazama matairi yake. Yakinyanyua emalsheni pamoja na vigamba vya lami ya zamani, isimamishe palepale: chini ya vigamba hivyo kuna vumbi au tabaka lililoachana, na sehemu hiyo inarudi Hatua ya 9.